Volti ngapi zatosha? Kaa la Shanga na hofu ya msamiati

MAJUZI nilikuwa Amu, nimeketi barazani kwa mwenyeji wangu baada ya swala ya alasiri. Mjukuu wake, kijana wa Kidato cha Nne, alikuwa amejiinamia juu ya daftari la fizikia. Swali lililomkabili lilikuwa la Kiingereza. Nalileta hapa kwa lugha yetu: elektroni iliyokuwa imetulia imechapuliwa ndani ya ombwe hadi ikafikia mwendo wa mita milioni 30 kwa sekunde, tafuta volti iliyohitajika.

Kijana hakuhangaika. Aliandika fomula, akaweka tarakimu, akabofya kikokotoo, akapata jibu: volti 2,560 hivi. Jibu sahihi kabisa.

“Huyo elektroni ni nani?” babu yake akauliza.

“Ni chembe, babu. Ndogo mno, haionekani.”

“Na hizo volti zamfanya nini?”

Hapo kijana akaanza kujibu kwa Kiingereza, akasita, akatafuta maneno, akanitazama mimi. Yeye hesabu aliiweza; kuieleza kwa lugha anayoizungumza tangu azaliwe ndiko kulikomshinda. Mzee akacheka kidogo, kisha akaacha kucheka.

“Mwalimu,” akaniambia, “miaka ya themanini mimi nilikuwa kibarua kule Shanga, tukichimba na Wazungu. Tukipata kipande cha kaa, kaa la moto, si kaa wa mikokoni, hatukuruhusiwa kulishika kwa mkono. Lilifungwa kwa karatasi ya fedha kama mkufu wa bibi harusi, likaandikwa namba, likaenda zake Ulaya. Hadi leo hakuna aliyeniambia lilisema nini.”

Nilimwahidi kwamba nitajaribu kumjibu. Nilipokuwa njiani kurudi nyumbani ndipo nilipotambua kwamba swali la mjukuu na swali la babu yake ni swali moja, na kwamba ndani yake limo jambo ambalo sisi wapenzi wa Kiswahili tumelikwepa muda mrefu. Makala ya leo ni ahadi hiyo.

Hesabu ya mjukuu

Tuanze na neno. Wanafizikia wanapozungumzia kitu kinachozidi kuongeza kasi, Kiswahili kimewapa istilahi ya mchapuko. Wengine hudhani neno hili liliundwa mezani na wanakamati. Sivyo. Kitenzi chapua ni cha kale: mtu huchapua miguu akiwa na haraka, na mpiga ngoma huchapua ngoma shughuli inapokolea. Mtu aliyewahi kuhudhuria Maulidi ya Amu na kusikia matari yakianza polepole kisha yakapanda hadi mabega ya watu yakashindwa kutulia, huyo anaujua mchapuko hata kama hajawahi kuona kitabu cha fizikia.

Sasa chembe yenye chaji huchapuliwaje? Chukua mfano wa jiwe na mnara. Jiwe ukiliachia kutoka juu ya mnara, huzidi kasi kadiri linavyoshuka. Kadiri mnara ulivyo mrefu, ndivyo linavyofika chini kwa nguvu. Volti ni urefu wa mnara, ila mnara wenyewe ni wa umeme. Chembe isiyo na chaji haiuoni mnara huo. Kwake ni uwanja tambarare. Chembe yenye chaji huuona, nayo huporomoka. Yenye chaji hasi huporomokea upande chanya, na yenye chaji chanya huporomokea upande hasi. Chaji ikiwa maradufu, nayo nishati inayopatikana kwenye mnara uleule huwa maradufu.

Basi kanuni nzima ni fupi: nishati ni chaji mara volti. Nishati hiyo yote ikigeuka kuwa mwendo, huwa sawa na nusu ya tungamo mara mraba wa mwendo. Ukijua mwendo unaoutaka, unajua nishati. Ukijua nishati na chaji, volti inajitokeza yenyewe. Ndivyo kijana alivyozipata 2,560 zake. Hilo ni jambo dogo kwa umeme: zile televisheni za zamani zenye kisogo kirefu nyuma zilichapua elektroni kwa volti 20,000 na zaidi, sebuleni petu, nasi tunatazama taarifa ya habari. Lakini ukitaka protoni ipate mwendo uleule wa elektroni ya kijana, utahitaji volti milioni 4.7, kwa sababu protoni ina tungamo mara 1,836 ya elektroni. Chembe nzito hudai mnara mrefu.

Angalia hesabu inavyoanza: volti haitajwi kwanza. Kwanza unajiuliza chembe inatakiwa kufanya kazi gani. Volti ni jibu la mwisho. Tuliweke hilo akilini, kwa sababu historia imelisahau mara kadhaa.

Laki tatu badala ya mamilioni

Katika miaka ya 1920, wanasayansi walikuwa na hamu ya kupasua kiini cha atomu kwa kukirushia chembe. Viini vyote vina chaji chanya, na chanya hufukuza chanya. Kwa hesabu ya zamani, protoni ilipaswa kupanda ukuta mzima wa kani hiyo kabla ya kuingia. Ukuta ulihitaji volti milioni kadhaa, na hakuna aliyekuwa na mashine ya kutoa volti hizo bila cheche kuruka na kuchoma kila kitu. Kazi ikaonekana haiwezekani.

Mwaka 1928 George Gamow, kijana kutoka Urusi, akaonyesha kwa nadharia mpya ya kwantumu kwamba chembe hailazimiki kuupanda ukuta. Mara chache mno hupenya, kana kwamba imechimba njia ndani yake. John Cockcroft, pale maabara ya Cavendish mjini Cambridge, akakaa chini akakokotoa upya. Jibu lake: si mamilioni. Volti laki tatu zingeweza kutosha, maadamu unarusha protoni nyingi na una subira ya kungoja chache zitakazopenya. Yeye na Ernest Walton wakajenga mashine ya volti laki kadhaa, na mwezi Aprili 1932 wakapasua kiini cha lithiamu. Mwaka 1951 walitunukiwa Tuzo ya Nobel.

Mashine ni ileile ambayo wengine wangeweza kuijenga. Kilichobadilika ni swali. Badala ya kuuliza “mnara mrefu kabisa ni upi?”, Cockcroft aliuliza “kazi hii inahitaji mnara wa urefu gani hasa?” Akagundua kwamba ulihitajika mfupi kuliko walivyohofia wengi.

Kaa la babu

Sasa twende Shanga, upande wa kusini wa kisiwa cha Pate, kule mzee alikochimba.

Kila kitu kilicho hai hula kaboni. Katika kaboni hiyo, moja kati ya takriban trilioni moja ni ya aina isiyodumu, kaboni-14. Mti ukikatwa au mtu akifa, haongezi tena, na ile aliyonayo huanza kupungua taratibu: nusu yake hutoweka kila miaka 5,730. Ukijua iliyobaki, unajua ni lini uhai ulikoma. Willard Libby na wenzake nchini Marekani walilithibitisha hilo mwishoni mwa miaka ya 1940, na mwaka 1960 Libby akapewa Tuzo ya Nobel.

Kwa miaka zaidi ya 25 kulikuwa na njia moja tu ya kuipima: kukaa na kungoja. Kila kaboni-14 inapobadilika hutoa mnururisho mdogo, na mashine huhesabu minururisho hiyo. Taabu ni kwamba huja mmoja mmoja mno. Gramu moja ya kaboni changa ina takriban atomu bilioni 60 za kaboni-14, lakini kwa dakika moja ni kama 14 tu zinazotoa ishara. Ukiwa na miligramu moja, utasubiri zaidi ya saa nzima kupata ishara moja. Ndiyo maana wachimbaji wa zamani walihitaji makaa ya kutosha, gramu kadhaa, na ndiyo maana waliyafunga kwa heshima kama alivyoona mzee wetu.

Mwaka 1977 watafiti wa Marekani na Kanada walikuja na wazo jipya. Mbona tungoje atomu zijitangaze? Tuzichukue zote, tuzipange kwa uzito, tuzihesabu moja moja. Sumaku huweza kupinda njia za atomu zenye chaji, nyepesi zikapinda zaidi na nzito zikapinda kidogo. Ila kulikuwa na wadanganyifu wawili. Wa kwanza ni naitrojeni-14, iliyojaa hewani, ambayo uzito wake karibu ni sawa na wa kaboni-14. Wa pili ni molekuli, kama vile kaboni-13 iliyoshikana na haidrojeni moja: 13 na 1 ni 14. Kwenye mizani ya sumaku, wote hao walionekana kama kaboni-14.

Mdanganyifu wa kwanza alizuiwa mlangoni. Ukizipa atomu chaji hasi, kaboni huipokea na kukaa nayo, naitrojeni haiwezi. Wa pili alihitaji nguvu, na hapa ndipo hesabu ya mjukuu inapoingia. Molekuli ikiporwa elektroni tatu au zaidi kwa pamoja, hushindwa kushikana, husambaratika. Ili kuzipora elektroni hizo, unaipitisha chembe kwa kasi kubwa ndani ya gesi kidogo au utando mwembamba. Kwa hiyo swali likawa: kasi gani? Na kwa kasi hiyo, volti ngapi?

Kwa kaboni, mahali pazuri palionekana kuwa volti milioni 2.5. Tazama ujanja wa mashine yenyewe. Katikati ya bomba refu la ombwe kuna sehemu yenye chaji chanya ya volti milioni 2.5. Kaboni yenye chaji hasi moja huvutwa kutoka mwanzo wa bomba hadi hapo, ikapata elektroni-volti milioni 2.5 za nishati. Pale katikati huporwa elektroni nne, ikageuka kutoka hasi moja hadi chanya tatu. Sasa ileile sehemu iliyokuwa ikiivuta inaisukuma, tena kwa chaji tatu: tatu mara milioni 2.5 ni milioni 7.5. Jumla ni milioni 10. Umejenga mnara mmoja, umeshuka mara nne. Kaboni-14 hutoka upande wa pili ikiwa na mwendo wa kilomita 11,700 kwa sekunde hivi. Kama ingeweza kuizunguka dunia, ingemaliza kwa chini ya sekunde nne.

Faida yake kwa mwanahistoria ni kubwa kuliko mwendo huo. Badala ya gramu kadhaa, sasa inatosha miligramu moja, hata pungufu. Punje moja ya mtama iliyoungua jikoni miaka elfu iliyopita huweza kupimwa yenyewe. Nayo ni shahidi bora kuliko kipande cha mti. Boriti ya mkoko huweza kukatwa leo, ikaezekea nyumba, nyumba ikabomoka, boriti ikahamia nyumba nyingine, na mwisho ikawa kuni. Kaa lake litakupa mwaka wa mti, si mwaka wa moto. Punje huvunwa msimu huu na kuliwa msimu huu. Mwaka 2016 watafiti walitoa matokeo ya punje za namna hiyo kutoka pwani yetu, Visiwa vya Ngazija na Bukini. Walionyesha kwamba huku bara na visiwa vya karibu watu walikula zaidi nafaka za Kiafrika kama mtama na mawele, wakati Ngazija na Bukini mchele na choroko za Asia zilikuwa zimeshatamalaki.

Kisha historia ikajirudia. Mwanzoni mwa karne hii, watafiti wa chuo cha ETH mjini Zurich waliuliza tena swali la Cockcroft: kazi hii inahitaji volti ngapi hasa? Wakaona kwamba si lazima kupora elektroni tatu. Ukiipitisha molekuli katika gesi ya kutosha, migongano yenyewe huivunja hata kama imeporwa chache. Mashine yao inatumia volti laki mbili tu, nayo hutosha ndani ya chumba cha kawaida. Linganisha: laini kubwa inayoleta umeme Lamu kutoka Rabai kupitia Malindi na Garsen ni ya volti laki mbili na elfu 20. Naam, umeme wa kwenye waya na ule wa mashine ya kuchapua haufanyi kazi namna moja, lakini urefu wa mnara ni huohuo. Volti zilizodhaniwa kuwa za mataifa makubwa pekee zinapita juu ya mikoko yetu usiku na mchana.

Lilisema nini?

Mzee atasema: sawa, mwalimu, lakini kaa langu lilisema nini?

Ili kulijibu, lazima tukumbuke ubishi uliokuwapo. Neville Chittick, aliyeongoza taasisi ya Waingereza ya historia na akiolojia katika Afrika Mashariki, alichimba Manda, kisiwa jirani ya Amu. Alikuta mji wa karne ya 9, kuta za bahari zilizojengwa kwa mawe makubwa ya matumbawe, na vigae vingi kutoka Ghuba ya Uajemi. Akauona mji huo kama kazi ya watu waliotoka huko. Kwa mtazamo huo, ustaarabu wa Mswahili ulishuka kutoka jahazini ukiwa tayari umeiva.

Mark Horton alipochimba Shanga kati ya 1980 na 1988, alikuta hadithi tofauti. Chini ya msikiti wa mawe kulikuwa na misikiti mingine, mmoja juu ya mwingine, na ile ya chini kabisa ilikuwa midogo, ya miti. Alitumia vigae, sarafu na vipimo vya kaboni kuzipanga tarehe, akauweka msikiti wa kwanza katika miaka ya 780 hivi. Nyumba nazo zilianza kwa miti na udongo, kisha matumbawe, bila mji kuhamishwa wala ramani yake kupinduliwa. Huo ni mji uliokua kutoka ndani. Uislamu ulikuja mapema, biashara ilikuja mapema, lakini mji haukushushwa na jahazi. Mzee wangu, kaa kama lako lilikuwa miongoni mwa mashahidi wa kesi hiyo. Zama zile huenda lilipimwa kwa njia ya kungoja. Lakini ushahidi ulikuwa wa jamii hiyohiyo.

Tarehe hizi hupangua pia hadithi tamu tunazozipenda. Wapo wanaosema jina Shanga latokana na Shanghai, ati mabaharia Wachina waliozama karibu na Pate ndio walioanzisha mji. Mabaharia wa Zheng He walifika pwani hii katika karne ya 15, na mwaka 2013 watafiti kutoka Chicago walitangaza kwamba wamepata Manda sarafu ya Mfalme Yongle, aliyetawala 1403 hadi 1424. Huenda kweli kuna Mchina aliyeoa Pate. Lakini Shanga ilikuwa na msikiti zaidi ya miaka 600 kabla ya safari hizo, na ilihamwa mnamo 1425. Mji hauwezi kupewa jina na wageni waliofika wakati unazimika. Sauti kufanana si ushahidi. Hilo sisi wa lugha twapaswa kulijua kuliko wote.

Lakini kaboni hailifurahishi kundi moja tu. Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha uchunguzi wa DNA ya watu 80 wa kale, baadhi yao wakiwa wamezikwa Manda na Faza. Ulionyesha kwamba kwa wengi wa waliopimwa, mchanganyiko wa Afrika na Asia ulianza mnamo mwaka 1000 hivi: wazazi wa kike wengi wakiwa Waafrika, na wa kiume wengi wakiwa na asili ya Uajemi. Wale wazee waliojiita Washirazi, ambao wasomi waliwacheka kwa kizazi kizima, hawakuwa wakisema uongo mtupu. Wala Chittick hakuwa amepata ushindi, kwani Shanga ilikuwa imesimama zaidi ya miaka mia mbili kabla. Wageni waliolewa katika mji uliokuwapo.

Na hata hapo kuna mtego ambao mtu wa Lamu atauelewa upesi. Kaboni ya baharini ni kongwe kuliko ya hewani, kwa sababu maji ya kilindini hukaa muda mrefu bila kukutana na hewa. Kwa wastani tofauti hufika miaka 400. Anayekula samaki kila siku huingiza ukongwe huo mifupani mwake. Mvuvi wa Faza akizikwa siku moja na mfugaji wa bara, mashine itamwona mvuvi kana kwamba alimtangulia kwa karne nzima au zaidi. Kwa hiyo lazima kwanza ujue marehemu alikula nini. Volti milioni 2.5 hazikuondolei wajibu wa kujua kitoweo cha watu.

Hofu ya msamiati

Nirudi barazani. Kijana wetu alishindwa kumjibu babu yake, na sababu tunayoizoea ni kwamba Kiswahili hakina maneno ya sayansi. Nimekisikia kilio hiki makongamanoni tangu nikiwa mwanafunzi. Ati kwanza tukamilishe istilahi zote, maelfu kwa maelfu, ndipo tuanze kufundisha. Ni mnara wa mamilioni ya volti, na kwa kuwa hatuwezi kuujenga, tumekaa.

Hebu tufanye kama Cockcroft, tukokotoe upya. Katika makala haya nimehitaji maneno mangapi mageni kwa mtu wa baraza? Chembe analijua. Umeme analijua, ulikuwa wa mawinguni kabla haujapita kwenye waya. Chapua ni la ngoma. Sumaku ni la dira ya nahodha. Kiini ni cha yai. Ombwe, hasi na chanya zimo kamusini, na Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia iliyotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, Dar es Salaam, ina umri zaidi ya miaka 30, kwani ilitoka mwaka 1990. Yaliyobaki ni volti, chaji, atomu, elektroni, kaboni na machache ya jamii hiyo, yaliyokwisha kukubalika kwa matamshi yetu. Hayazidi dazeni mbili.

Hata neno lenyewe la jambo hili tunalo, tena zuri kuliko la lugha nyingi. Tarehe kwetu ni siku ya mwezi, na kwa matumizi ya wakongwe ni kumbukumbu ya mji: tarehe ya Pate ni habari za Wanabahani, watawala wake. Habari hizo zilisimuliwa na kunakiliwa baada ya Waingereza kuishambulia Witu mwaka 1890, wakati ambapo, inasemekana, nakala ya awali ilipotea. Tarehe ya mwezi na tarehe ya mji ni neno moja. Mashine ya kuchapua hutupa ile ya kwanza. Ya pili haitolewi na mashine. Lazima mtu aisimulie, naye lazima asimulie kwa lugha ambayo wenye mji watamsahihisha akikosea.

Hilo ndilo linaloniuma katika kisa cha kaa la mzee. Aliyelichimba hakuambiwa. Tunaweza kuwalaumu waliolichukua, lakini ripoti zimechapishwa, vitabu vipo rafuni, na miaka zaidi ya 30 imepita. Katika miaka hiyo ni sisi, wenye lugha na wenye shahada, ambao hatukurudi barazani kulieleza.

Wiki iliyopita nilimpigia simu kijana nikamsomea sehemu ya katikati ya makala haya. Alisikiliza kimya. Kisha akaniuliza kama anaweza kutumia ule mfano wa mnara kwa babu yake. Nikamwambia atumie, na autengeneze atakavyo, kwani babu yake amewahi kupanda mlingoti wa jahazi na huenda huo ukamfaa zaidi.

Baadaye mzee mwenyewe akaichukua simu. “Mwalimu, nimeambiwa kaa langu lilisema msikiti wetu ni wa zamani.”

“Ndiyo, mzee wangu. Wa miaka zaidi ya 1,200.”

Akanyamaza kidogo. “Hilo tulikuwa tukilijua,” akasema. “Lakini si kwa hesabu.”